Kichakani Hamna Mtu

Mpo?

— Tupo!

Macho yenu?

— Kwako!

Masikio yenu?

— Kwako!

Na mioyo?

— Tumeiacha nyumbani!

Afadhali, maana leo nataka vichwa tu. Na wewe Bi Zuwena, bakuli lako la njugu livute karibu yako. Mimi sizitaki, nimeshiba. Nimesema nimeshiba, mbona unanitazama hivyo?

Sasa, hadithi hii ina kazi yenu ndani yake. Nikiuliza, "Kichakani mna nani?" nyote mseme, "Hamna mtu!" Tujaribu. Kichakani mna nani?

— Hamna mtu.

Aa, mmejibu kama wagonjwa. Kichakani mna nani?

— HAMNA MTU!

Ahsanteni. Sasa mtu yuko.

Zamani sana, miti ilipokuwa bado na adabu, palikuwa na mkuyu mmoja kando ya mto. Mwaka ule mvua iligoma. Mto ukawa tope, tope likawa udongo, udongo ukapasuka pasu pasu pasu. Majani yakakauka, ukiyatafuna yanalia kacha kacha, na ukimeza unajuta. Lakini mkuyu ule mizizi yake ilikuwa imekwenda mbali chini kwa chini, ikajinywea maji kimyakimya bila kumwambia mtu. Nao ukazaa. Ukazaa shinani, ukazaa matawini, makuyu mekundu, mabivu, harufu yake inavuka mto na kurudi.

Na chini ya mkuyu alikaa nani? Alikaa Nyani. Dume la nyani, kifua kama pipa, chonge kama misumari ya kuezekea, na makalio yenye sugu kwa sababu ya kukaa, maana tangu mkuyu uzae hajanyanyuka. Wenzake walimwita Bwana Mashavu. Akila, anajaza tumbo. Tumbo likijaa, anajaza mashavu. Mashavu yakijaa, yaliyobaki anayakalia.

Bwana Mashavu alikuwa na sheria mbili.

Sheria ya kwanza: anayetaka kuyu, kwanza amchambue. Mnajua mambo ya wanyama wa mikono. Wakipendana hawapelekeani maua, wanatoana kupe. Leo mimi nakutoa kupe, kesho wewe unanitoa, tunaelewana. Lakini Bwana Mashavu yeye alitolewa tu. Unaanza shingoni asubuhi, unafika mkiani jua la utosi, na malipo yako ni kuyu moja, lililoanguka lenyewe, lenye funza.

"Bwana, hili lina funza."

"Funza ni nyama. Sema ahsante."

"Ahsante, bwana."

Sheria ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi: ni marufuku wawili kukaa wakitazamana.

Sasa hapa nipeni nafasi nieleze, maana ndipo hadithi ilipolala. Kichwani mwa nyani, na kichwani mwa tumbili, na kichwani mwa mbega, na, msinichukie, kichwani mwako wewe uliyekaa hapo, kuna kijichumba. Kijichumba cha umbea. Kazi yake ni moja. Kikiona mtu mmoja amekaa, kinalala. Kikiona wawili wamepeana migongo, kinalala. Lakini kikiona wawili wanatazamana, hata kama wako ng'ambo ya mto, hata kama hakiwajui, kinaamka na kubisha: ngo ngo ngo! Pale pana jambo! Yule anamwomba huyu! Huyu amemkasirikia yule! Wale wanamsema mtu!

Na kijichumba cha Bwana Mashavu kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Alikuwa bingwa. Akiona bega limeinama kidogo anakwambia, "Hao walikosana jana." Akiona mkia umekaa upande anakwambia, "Hao watapatana kesho." Hakosei. Kwa kipaji hicho alikuwa amejua kwamba siku wadogo wawili wakitazamana, halafu wote wawili wakageuka kumtazama yeye, mkuyu si wake tena. Kwa hiyo akiona wawili wanatazamana, "Waahu!" anamwita mmoja, anamng'ata palepale bila kunyanyuka.

Basi msitu mzima ukakaa migongo. Mume na mke, migongo. Marafiki, migongo. Ukitaka kumwambia mwenzako kitu unakisemea mbele yako na kuomba kimfikie. Na wasiotazamana hawachambuani. Kupe wakanenepa, wakaoa, wakaozesha.

Miongoni mwao alikuwemo tumbili mmoja mdogo, Mama Tone. Mwanawe Tone alikuwa wa kunyonya, anang'ang'ania tumboni kama kifungo cha shati. Na Mama Tone alikuwa na makengeza. Macho yake hayakupatana tangu kuzaliwa. La kulia likielekea mtoni, la kushoto linaelekea mlimani. Kwa watu wanaoishi kwa kusomana macho, hilo ni balaa. Akimtazama Mbega, Nyani anahisi ametazamwa yeye. Akimtazama Nyani, mjusi juu ya jiwe anaomba radhi.

Siku moja maziwa ya Mama Tone yalikatika. Tone akavuta, nyo nyo nyo, hakuna. Akavuta la pili, nyo nyo, hakuna. Akamtazama mama yake usoni bila kulia, na mtoto asiyelia ndiye anayetisha.

Mama Tone akaenda kukaa na shoga yake Mbega, yule mwenye manyoya meupe mabegani kama bibi harusi aliyejitanda. Wakakaa migongo.

"Shoga," akasema Mama Tone.

"Sema, nasikia kwa mgongo," akasema Mbega.

"Maziwa yamekauka. Nisipokula kitu chenye maji leo kesho, mtoto simpati."

"Si ukamchambue Bwana Mashavu upate kuyu?"

"Nimemchambua siku tatu. Kuyu moja la funza kwa siku. Funza ana maziwa?"

"Hana, masikini."

Mama Tone akaondoka, akaenda kukaa mbali kidogo, mbele ya kichaka. Kichaka cha miiba tu, kikubwa, kimesongamana, hakina tunda wala ua. Akampakata Tone, akaanza kumchezea apate kusahau njaa. Akafanya midomo, mwa mwa mwa. Akatikisa kichwa. Akacheka, kwi kwi kwi. Lakini Tone alikuwa tumboni, haonekani. Na macho ya mama yake, kama mnavyoyajua, moja liliangalia kichaka na jingine liliangalia mkuyu.

Kule chini ya mkuyu, kijichumba kikaamka. Ngo ngo ngo! Pale pana jambo!

"Waahu! Wewe Makengeza! Unaongea na nani hapo?"

"Mimi, bwana? Siongei na mtu."

"Huongei na mtu, na unacheka?"

"Nacheka na mtoto."

"Mtoto simwoni! Naona unakichekea kichaka! Kichakani mna nani?"

Haya, mjibuni nyinyi. Kichakani mna nani?

— Hamna mtu!

Ndivyo alivyojibu Mama Tone. "Hamna mtu, bwana."

Bwana Mashavu akanyanyua shingo. Akashusha shingo. Akakaa, lakini upande mmoja wa makalio tu. Na Mama Tone, ambaye macho yake yalikuwa mabovu lakini kilicho nyuma ya macho kilikuwa kizima kabisa, akaona kitu. Akarudi mbio kwa shoga yake. Migongo.

"Shoga, umemsikia?"

"Nimemsikia, moyo wangu umeshuka magotini."

"Hakuniuliza kama mna mtu. Ameniuliza ni nani."

"Sasa?"

"Sasa mtu ameshamweka mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kumlisha."

Kesho yake, jua linachomoza, Mama Tone akaenda mbele ya kichaka. Akakaa vizuri, amekielekea. Akasalimia kwa kichwa. Akanyamaza, kama anayesikiliza. Akasema, "Mm." Akanyamaza. Akasema, "Mm-hm." Halafu akatazama juu. Juu! Shingo yote nyuma, kama anayezungumza na mtu mrefu. Akainamisha kichwa kwa heshima. Akacheka, kwi kwi kwi, na mkono akauweka mdomoni.

Ngo ngo ngo!

"Anatazama juu," akasema Bwana Mashavu peke yake. "Kwa hiyo ni mrefu. Anainama. Kwa hiyo ni mkubwa. Anacheka. Kwa hiyo wanapendana. Na jicho moja ananitazama mimi. Kwa hiyo ninasemwa!"

Mwaona bingwa anavyofanya kazi? Kutoka kwenye shingo, kichwa na jicho bovu, ameshampata mtu mzima, na urefu wake, na tabia zake, na mazungumzo yake.

"Wewe Makengeza!"

"Bee, bwana."

"Huyo mtu wako anasemaje juu yangu?"

"Hajasema neno, bwana."

"Neno moja hajasema?"

"Hata moja."

"Lo!" Bwana Mashavu akameza mate na kuyu moja zima bila kutafuna. "Mtu anayebwata simwogopi. Ila huyu mkimya..."

Mbega, migongo, akanong'ona mbele yake, "Shoga, tutakufa. Atakuja kuangalia."

"Haji. Wewe ungekwenda kumfunulia pazia mtu unayemwogopa?"

"Mimi nisingekwenda hata kwa ninayempenda."

Lakini Bwana Mashavu hakuwa mjinga, msimdharau. Akafikiri, akakuna goti, akasema, "Nitampima." Akachukua jiwe. Si kokoto, jiwe, ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Akalinyanyua juu, Mbega akafumba macho, Tone akajificha kwapani kwa mama yake. Akalirusha. Vuuuu, parakacha, pu! Katikati ya kichaka.

Kimya.

Msitu mzima ukasubiri. Kimya, ji.

Mama Tone akahisi hadithi yake imekwisha. Maana kama mna mtu na amepigwa jiwe, si angetoka? Si angepiga kelele? Lakini akabaki amekielekea kichaka, na kwa kukosa la kufanya, akakitikisia kichwa taratibu, kama anayempa mtu pole.

Bwana Mashavu akajikokota nyuma kwa makalio, mara mbili.

"Amepigwa jiwe lile," akasema, sauti imekuwa nyembamba, "na hata hajaguna."

Mara ya tatu.

"Hata hajaguna!"

Kisha akakohoa, akajifuta mikono, akaita, lakini safari hii si Makengeza tena. "Mama Tone! Mama Tone, samahani, njoo kidogo."

"Abee, bwana."

"Lile jiwe... liliniponyoka. Nilikuwa namwonyesha mtu. Mwambie liliniponyoka."

"Bwana, nimwambie nani? Kichakani hamna mtu."

"Najua, najua. Wewe ni mwaminifu, huwezi kumtaja. Mpelekee haya." Akanyanyuka. Bi Zuwena, alinyanyuka! Kwa mara ya kwanza tangu mkuyu uzae. Chini yake makuyu yamebonyea kama mkate. Akachagua kichala kimoja kizuri, akamkabidhi. "Mpelekee. Kisha uniambie amesemaje."

Mama Tone akakichukua kichala, akaenda, akakiweka kichakani. Akarudi.

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu."

"Hajasema ahsante?"

"Hajasema, bwana."

"Basi ni kidogo! Nimemtukana!" Akatoa vichala vitatu. "Mpelekee!"

Mama Tone akavichukua, akaenda, akaviweka. Akarudi.

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu, bwana. Mimi nakwambia mle..."

"Usiniambie! Ni kidogo! Mtu mrefu vile, vichala vitatu vitamfikia wapi?" Akafungua mashavu, tu, tu, tu, akatema yaliyokuwemo. "Mpelekee na haya."

"Haya umeyatema, bwana."

"Umesema kweli. Haya niachie." Akayarudisha. Akapanda mkuyuni, akatikisa tawi zima, puu puu puu puu, makuyu yakamiminika. "Mpelekee hayo!"

Sasa kichaka kina mbele, na kichaka kina nyuma. Mbele kuna Mama Tone anaweka. Nyuma, ambako Bwana Mashavu haoni, kuna Mbega, na tumbili wenzake, na nyani majike na watoto wao, wanaingiza mkono kati ya miiba, aa, oo, inachoma, lakini wanatoa. Wanakula hadi juisi inatiririka viwikoni. Mama Tone akala kumi na tano kabla ya kupumua. Jioni maziwa yakarudi. Tone akanyonya, nyo nyo nyo, akanyonya tena, akalewa, akalala mdomo wazi.

Asubuhi Bwana Mashavu akaja hatua chache karibu na kichaka, si karibu sana, akachungulia chini. Akaona vikonyo. Akaona maganda. Akaona mbegu zimetemwa huku na huku.

"Amekula!" Akashika kifua. "Mnaniona mimi? Amekula chakula changu! Hajanikasirikia!"

Na ile furaha, jamani, ilikuwa ya kweli. Machozi yalimlenga. Maana tangu awe mkubwa, watu wanamchambua kwa hofu, wanamshukuru kwa funza, hakuna aliyewahi kula chake akanyamaza naye kwa amani.

"Mama Tone, dada yangu."

"Bee, kaka."

"Nataka kwenda kuzungumza naye mwenyewe. Uso kwa uso."

Mama Tone akamtazama, jicho moja kwake na jingine mlimani. Hapo, sitawaficha, huruma ilimgusa kidogo. Akasema, "Bwana, sikiliza vizuri. Nakuapia kwa huyu mtoto. Kichakani hamna mtu. Hajawahi kuwemo mtu. Ni miiba na kupe."

Mnadhani alisemaje?

Bwana Mashavu akatabasamu, chonge zote nje. "Wivu," akasema. "Unaona ataniona mimi akuache wewe. Usijali, shemeji. Nitamsalimia kwa niaba yako."

Akaondoka mkuyuni. Akaenda hadi mbele ya kichaka. Akachagua mahali pazuri, akafuta vumbi, akakaa kitako. Uso kwenye kichaka, mgongo kwenye mkuyu. Akasalimia kwa kichwa. Akafanya midomo, mwa mwa mwa. Akanyamaza.

Kichaka kikanyamaza pia.

"Mimi naitwa Mashavu," akasema. "Si jina langu. Jina langu ni Kilua. Hakuna anayeliita."

Kichaka kikasikiliza.

"Mgongo wangu unauma. Ni kukaa. Nikinyanyuka nadhani wataupanda mti."

Upepo ukapita, kichaka kikatingisha majani kidogo.

"Eeh! Na wewe unaona hivyo?"

Akazungumza mpaka jua la utosi. Akanyoosha mkono, taratibu, kwa adabu, akaanza kukichambua kichaka. Akatoa kijiti. Akatoa jani kavu. Akatoa kupe, wa kweli, akamla. Yeye, ambaye hajawahi kumchambua hata mama yake! Alichomwa na miiba vidole vyote, na kila akichomwa anasema, "Samahani, nimekuumiza?"

Na nyuma yake mnadhani palikuwa na kimya? Nyuma yake wote walikuwa mkuyuni. Majike, wazee, watoto, wamejaa matawini kama nguo siku ya kufua. Wakala wakashiba. Na walipokwisha kushiba, wakageuka. Wakatazamana. Wengine walikuwa hawajaonana nyuso tangu ukame uanze. "Kumbe umekonda hivi!" "Kumbe una mvi!" "Huyu ni mtoto wa nani?" "Ni wako, jinga wewe, nilikuzalia mwezi uliopita!" Kisha mikono ikaingia kwenye manyoya, kupe wakaanza kulia. Mbega akamgeukia Mama Tone, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Shoga! Nilisahau kama macho yako yapo hivyo."

"Yapoje?"

"Mazuri. Sijui linalonitazama mimi ni lipi, lakini nimeridhika."

Mara moja tu Bwana Mashavu aligeuka. Makuyu yalianguka mengi, puu, akageuka, akawaona wote mkuyuni, wawili wawili, wanatazamana. Wote wakaganda, mikono imo kwenye manyoya. Mama Tone akamkumbatia mwanawe. Bwana Mashavu akawaangalia. Akaweka kidole mdomoni.

"Shhh," akasema. "Nina mgeni."

Akawapa mgongo tena.

Mvua ikaja mwezi uliofuata. Mto ukajaa, majani yakarudi, hakuna tena aliyegombania mkuyu. Bwana Mashavu aliendelea kukaa mbele ya kichaka chake, amekonda kidogo, ametulia sana. Watoto wakipita wanamwamkia, naye anaitikia na kuwaambia, "Mwamkieni na mwenzangu," nao wanakiamkia kichaka.

Siku moja Mama Tone na Mbega walikuwa wanapita pale kwenda mtoni. Bwana Mashavu alikuwa amekwenda kunywa maji. Pale mbele ya kichaka hapana mtu. Mbega akasimama.

"Shoga."

"Nini?"

"Kweli hamna mtu?"

"Mbega! Si wewe ulikuwa unakula nyuma ya kichaka? Uliona mtu?"

"Sikuona. Lakini mbona siku ile ulipompa pole, nilihisi kama... kama amekujibu?"

Mama Tone akacheka, kwi kwi kwi. Kisha akakitazama kichaka, kwa jicho la kulia. Akakitazama kwa la kushoto. Ni kichaka. Miiba na kupe. Yeye ndiye aliyekianzisha, yeye ndiye anayejua kuliko wote.

Akamvuta Tone akamweka upande wa pili wa mwili wake.

"Hodi," akasema taratibu. "Tunapita tu."

Na wakapita mbio.

Kichakani mna nani?

— Hamna mtu!

Mnaona? Safari hii mmesema polepole.

Sasa fundisho, maana hadithi isiyo na fundisho wazazi hawaiachi ikaingia nyumbani. Fundisho la kwanza: watoto, semeni kweli daima. Mama Tone hakusema uongo hata mara moja, na mmeona alivyokula. Fundisho la pili: mheshimuni mwenye akili kubwa, maana yeye peke yake ndiye anayewaona wasiokuwepo. Na fundisho la tatu, lililo kubwa: hayo ni mambo ya nyani na tumbili. Sisi binadamu tumesoma, hatudanganywi na mtu kwa kutazama tu mahali pasipo na...

Eh.

Karibu, mzee. Karibu, pita. Usisimame hapo mlangoni.

...

Mmemaliza? Geukeni mnitazame mimi. Mlangoni hamna mtu. Hapakuwa na mtu. Nilitazama mlango, nikatikisa kichwa, nikasogea kumpisha, na shingo zenu zote zikaenda, kra! Hata wewe uliyekuwa umesinzia.

Hadithi imefika kwao, aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda airushe kichakani aone kama itarudishwa.

Na Bi Zuwena, usinyanyue bakuli hilo kwa nguvu. Limekuwa jepesi.